Tuliikimbia setilaiti mwaka 2009. Kwa nini inarudi?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota ghafla Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kurasa ziligoma kufunguka, picha zikabaki zinazunguka bila kufika, na waliozoea kumaliza shughuli zao kwa simu wakarudi kupanga foleni.

Tangu hapo swali moja halijatoka vijiweni wala kwenye makundi ya WhatsApp: kama nyaya za baharini zinakatika, kwa nini tusihamie setilaiti moja kwa moja? Majibu yanayotolewa yanagongana. Mmoja anasema intaneti ya angani ni ya bure ukishanunua dishi. Mwingine anaapa kwamba inashika popote, hata kwenye simu ya kawaida. Wa tatu anasema serikali haiwezi kuizima. Wa nne ameshazika kampuni zote za simu. Ndani ya kila jibu kuna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayofanya upotoshaji uaminike.

Tuanze na kumbukumbu. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa kuiunganisha na dunia. Simu za nje na intaneti ya vile vyumba vya kulipia kwa dakika zilipanda angani. Kenya ilikuwa na kituo cha Longonot, ndani ya Bonde la Ufa, kilichoanza kazi mwaka 1970. Aliyewahi kumpigia ndugu yake aliyeko Muscat au London miaka ile anakumbuka hali ilivyokuwa: unauliza "hamjambo huko?", kimya, unadhani laini imekatika, unauliza tena, na jibu la swali la kwanza linagongana na swali lako la pili. Bei nayo ilikuwa ya kuumiza. Seacom ulipowashwa Julai 2009, kisha mikongo ya TEAMS na EASSy ikafuata, nchi zetu ziliikimbia setilaiti bila kugeuka nyuma, na zilikuwa na haki.

Kwa hiyo anayeshangaa kwamba tunarudi kule tulikotoka ana hoja. Jibu lake ni kwamba setilaiti inayozungumzwa sasa si ile. Hii imeshushwa, na kuishusha kumebadilisha karibu kila kitu.

Kimo ndicho kila kitu

Setilaiti haielei angani. Inaanguka muda wote, ila inakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba dunia, kwa kuwa ni mviringo, inajikunja chini yake kabla haijaifikia. Njia inayopita ikizunguka hivyo huitwa obiti. Kadiri obiti inavyokuwa karibu na ardhi, ndivyo setilaiti inavyolazimika kukimbia zaidi.

Kuna kimo kimoja chenye sifa ya pekee: kilomita 35,786 juu ya ikweta. Setilaiti iliyowekwa hapo humaliza mzunguko wake kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini haisogei kabisa. Ndiyo maana fundi wa king'amuzi huja mara moja, akatafuta mawimbi, akakaza nati na kuondoka. Setilaiti ya DStv inayotumika Kenya iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa juu ya Nairobi, na madishi yake pale mjini yametazama juu. Azam TV hupatikana nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lake Dar es Salaam au Unguja linainamia magharibi. Pita mtaa wowote uangalie mapaa, utaujua mwelekeo wa setilaiti usiyoweza kuiona.

Kwa televisheni kimo hicho hakina ubaya. Goli likichelewa robo sekunde, hakuna anayejua. Kwa mazungumzo ni balaa. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado hesabu haikubali: swali lako linapanda kilomita 35,786 na kushuka nyingine kama hizo hadi kituo cha ardhini, jibu nalo linapanda na kushuka vilevile. Jumla ni kilomita 143,000 na ushei, karibu nusu sekunde, kabla hata kompyuta ya upande wa pili haijafanya kazi yoyote. Ukurasa mmoja wa mtandaoni huuliza na kujibiwa mara nyingi kabla ya kufunguka, na kila mara hiyo nusu sekunde inalipwa upya. Hakuna kifaa kitakachotengenezwa cha kuiondoa. Dawa pekee ni kushuka.

Obiti za chini ni zile zilizo kati ya kilomita mia chache na 2,000 hivi. Starlink, ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, imekuwa ikizungusha setilaiti zake nyingi kwenye kimo cha takriban kilomita 550. Hapo safari nne za kupanda na kushuka ni kilomita 2,200, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa matumizi halisi, ukijumlisha foleni na vituo vya njiani, mteja hupata majibu ndani ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 25 hadi 60 kama mitambo ya ardhini haiko mbali. Simu ya video inakwenda bila kugongana maneno.

Kimo hicho, kwa taarifa, si kigeni kwetu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilizunguka kati ya kilomita 531 na 572. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, si mawasiliano, na ilitosha kuwa peke yake. Mtandao wa mawasiliano kwenye kimo hicho hauwezi kutumia setilaiti moja, wala mia moja.

Sababu ni hii. Tundika karabai juu ya mnazi: ua mzima utapata mwanga, lakini hakuna atakayeweza kusoma. Ishushe hadi usawa wa meza: waliokaa hapo watasoma vizuri, wengine watabaki gizani. Ukitaka ua wote usome, lazima uwe na karabai nyingi. Setilaiti ya kule juu huona karibu theluthi ya dunia, na tatu tu zinatosha kufika kote isipokuwa karibu na ncha. Ya chini huona kipande kidogo, kwa nguvu zaidi, na haitulii. Inakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde. Ndani ya dakika moja imeshavuka umbali wa Nairobi hadi Mombasa, na ndani ya dakika 95 hivi imeizunguka dunia yote.

Ndiyo maana zinarushwa kwa makundi makubwa. Starlink ilirusha setilaiti 60 za kwanza Mei 2019, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa na zaidi ya 7,000 angani. OneWeb, ambayo sasa iko chini ya Eutelsat ya Ufaransa, imechagua kimo cha kilomita 1,200 na kutosheka na mia sita na kitu. Amazon inajenga kundi lililopangwa kuwa na setilaiti 3,236. Za kwanza 27 za kazi zilipaa Aprili 2025. China nayo ina miradi yake, kila mmoja ukilenga maelfu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya Iridium ilizindua huduma ya simu mwaka 1998 kwa setilaiti 66 za obiti ya chini, na mwaka uliofuata ikafilisika, kwa sababu simu moja iliuzwa kwa takriban dola 3,000 na dakika ya kuongea ikawa ghali mno. Mfumo uliokolewa na unafanya kazi hadi leo, lakini funzo lake liliwatia wengi hofu kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni gharama ya kupanda. Roketi ya Falcon 9 ya SpaceX hurudi na kutua sehemu yake kubwa ya chini, ikatumika tena, na safari moja hubeba setilaiti zaidi ya ishirini.

Dishi lisilogeuka

Kama setilaiti inapita juu ya nyumba na kutoweka ndani ya dakika chache, dishi linaifuataje? Hili ndilo huwachanganya hata mafundi waliozoea kazi ya ving'amuzi. Lile bamba jeupe la Starlink, ingawa tunaliita dishi, ndani yake lina antena ndogondogo zaidi ya elfu moja zilizopangwa mistari kwa mistari. Kila moja hutoa wimbi lake kwa kuchelewa au kuwahi kidogo sana kuliko jirani yake. Mawimbi hayo yakikutana angani hujumlishana upande mmoja na kufutana pande nyingine, ukapatikana mwale mmoja mwembamba. Badilisha ule uchelewaji, mwale unahamia upande mwingine wa anga papo hapo, na bamba lenyewe halijatikisika. Mfumo mzima hupanga upya nani ahudumiwe na setilaiti ipi kila sekunde 15. Mteja anayeangalia mpira hahisi chochote, ila kama kuna mti.

Mti ni adui wa kweli. Dishi la king'amuzi linahitaji kuona tundu moja tu la anga, kwa hiyo mwembe ulio upande wa pili wa nyumba hauna habari nalo. Dishi la obiti ya chini linahitaji anga pana iliyo wazi, kwa sababu sasa hivi linaongea kaskazini na sekunde chache baadaye linaongea mashariki. Tawi moja likiingia kati, simu ya video hukatika kwa sekunde kadhaa kila baada ya muda, na mwenye nyumba huishia kuilaumu mvua. Mvua kubwa nayo hupunguza nguvu ya mawimbi, kama inavyojulikana na kila aliyewahi kukatikiwa na mechi wakati wa masika, lakini mara nyingi hupita. Mti haupiti.

Intaneti haikai angani

Hapa ndipo penye kiini cha mkanganyiko wote. Tuseme muuguzi wa zahanati iliyo kando ya Ziwa Turkana anatuma picha ya kidonda kwa daktari aliyeko Nairobi. Picha inatoka kwenye simu yake hadi ruta, kutoka ruta hadi dishi, kutoka dishi hadi setilaiti. Kisha inashuka. Lazima ishuke, kwa sababu kompyuta zinazohifadhi ujumbe na kuupeleka kwa daktari ziko ardhini, ndani ya majengo, zimeunganishwa kwa nyaya. Pale inaposhukia huitwa kituo cha ardhini, na kutoka kituo hicho picha inaingia kwenye mkongo uleule ambao sote tunautumia.

Setilaiti, basi, ni njia ya kuvukia tu. Inakuvusha kutoka mahali pasipo na waya hadi mahali penye waya.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, lakini kwa muda mrefu data za wateja wa Kenya zilikuwa zikiingia kwenye mtandao wa dunia kupitia mitambo iliyo nje ya nchi. Mtu wa Nakuru akifungua tovuti iliyohifadhiwa Nairobi, ombi lake lilitoka nje ya mipaka kwanza, kisha likarudi. Mapema mwaka 2025 kampuni ilipoweka mitambo ya kuunganishia Nairobi, muda wa kungoja jibu ulishuka kutoka zaidi ya milisekunde 100 hadi karibu 30. Setilaiti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika kilikuwa chini.

Setilaiti mpya zina pia mionzi ya leza ya kupitishiana data angani, kutoka moja hadi nyingine, hadi ipatikane iliyo juu ya kituo. Hii ndiyo inayowezesha huduma kufika katikati ya Bahari ya Hindi, ambako hakuna kituo chochote. Tena mwanga hukimbia vizuri zaidi kwenye utupu kuliko ndani ya kioo cha mkongo, ambako kasi yake hushuka hadi takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Lakini hata leza, mwisho wa safari yake ni kituo.

Sasa turudi kwenye lile swali la Mei 2024. Mkongo ukikatika, mwenye dishi atapona? Mara nyingi ndiyo, kama data zake zinaweza kushushwa upande mwingine wa dunia. Nchi nzima haiwezi. Setilaiti moja ya Starlink ya kizazi cha sasa hubeba takriban gigabiti 100 kwa sekunde. Mkongo wa 2Africa, unaolizunguka bara letu, umebuniwa kubeba hadi terabiti 180 kwa sekunde, yaani gigabiti 180,000, kiasi cha setilaiti 1,800. Na setilaiti hizo haziwezi kuletwa zote zikasimama juu ya Dar es Salaam. Muda wowote nyingi ziko juu ya bahari, majangwa na nchi za wengine. Anayetaka kinga dhidi ya kukatika kwa mkongo ajenge mikongo zaidi, inayopita njia tofauti. Setilaiti iwe ya akiba kwa hospitali, benki, viwanja vya ndege na vituo vya kuongozea meli.

Lipo pia jambo linaloihusu ikweta ambalo halisemwi vya kutosha. Setilaiti nyingi za Starlink huzunguka kwenye obiti zilizoinama nyuzi 53 kutoka ikweta, kwa hiyo hutumia sehemu kubwa ya muda wake karibu na latitudo za Uingereza na Canada, na hupita juu ya ikweta haraka haraka. Kwetu huku anga lina setilaiti chache zaidi kwa eneo. Isitoshe, kanuni za kimataifa zinazitaka zisiingilie mawimbi ya setilaiti zile za juu, za televisheni na nyinginezo, ambazo zimejipanga sawasawa juu ya ikweta, yaani juu ya vichwa vyetu. Sehemu hiyo ya anga ndiyo iliyo bora kwa dishi la mtu wa huku, na ndiyo anayolazimika kuikwepa.

Matokeo yake yalionekana Novemba 2024. Starlink ilisitisha kuandikisha wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu nafasi ilijaa, na milango haikufunguliwa tena hadi katikati ya 2025. Kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), mwishoni mwa 2024 huduma yote ya intaneti ya setilaiti nchini humo ilikuwa na wateja chini ya 20,000. Mtaa mmoja wa magorofa Nairobi una watu wangapi? Mwale wa setilaiti huhudumia eneo lenye upana wa takriban kilomita 24, na kila aliye ndani yake anagawana uwezo uleule. Kwenye mbuga ambako wateja ni kumi, kila mmoja anapata kasi ya kupendeza. Kwenye jiji wakijaa, jioni inakuwa ya mateso.

Kwa hiyo wanaosema setilaiti itaua fiba, yaani nyaya za kioo za intaneti, ya mjini wanakosea, na wanaosema ni kitu cha matajiri tu wanakosea pia. Nguvu yake iko pale palipo na watu wachache waliotawanyika: Marsabit, Katavi, visiwa vidogo, kambi za utafiti, boti za uvuvi za bahari kuu. Hapo mnara wa simu haujengwi kwa sababu haulipi, na fiba haitafika kizazi hiki.

Simu, leseni na umeme

Je, simu ya mkononi itaongea na setilaiti bila dishi? Ndiyo, na imeanza, ila kwa kipimo. Nchini Marekani kampuni ya simu ya T-Mobile ilizindua huduma ya namna hiyo Julai 2025 kwa kutumia setilaiti za Starlink zenye antena maalumu. Antena ya simu ni ndogo na haina nguvu, kwa hiyo kinachopita kwanza ni ujumbe mfupi na data kidogo, tena ukiwa nje, chini ya anga wazi. Kwa mchungaji aliyepotelewa na mifugo au nahodha aliyeharibikiwa na injini, ujumbe mmoja unatosha kuokoa maisha, na kwa sababu hiyo naiona teknolojia hii kuwa muhimu kuliko kasi zote zinazotangazwa. Lakini asije mtu akakuuzia laini kwa ahadi kwamba utatazama filamu ukiwa kitandani, ndani ya nyumba ya bati.

Kuhusu serikali. Dishi hujua lilipo, kwa sababu lina kifaa cha kupimia mahali, na kampuni huwasha au kuzima huduma kwa mipaka ya nchi. Aprili 2024 Starlink iliwaarifu watu waliokuwa wakitumia madishi yaliyosajiliwa nchi nyingine kwenye maeneo yasiyo na leseni kwamba watakatiwa. Rwanda na Kenya zimeshatoa leseni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliipiga marufuku mwaka 2024, kisha Mei 2025 ikaipa kibali. Tanzania na Uganda zilifika mwisho wa 2025 bila huduma hiyo kuanza rasmi. Kwa hiyo anayenunua dishi la magendo akidhani ameshaukwepa mkono wa dola amenunua bamba ambalo linaweza kuzimwa siku yoyote kutoka Marekani, na hana pa kulalamika.

Hofu ya upande wa pili ni halali pia. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizimika duniani kote kwa takriban saa mbili na nusu kwa sababu ya hitilafu ya programu ndani ya mfumo wake. Mkongo ukikatika, ukanda mmoja unaumia. Kampuni moja inayomiliki sehemu kubwa ya setilaiti zote zinazofanya kazi ikipata hitilafu, wanaumia wote kwa pamoja, kuanzia meli hadi zahanati. Nchi isiyotaka kujifunga kwa bwana mmoja ifungue mlango kwa OneWeb, Amazon na wengine kwa masharti yaleyale. Ushindani una faida yake hata kwa asiye na dishi: Safaricom, ambayo Julai 2024 iliandikia CA ikipinga kampuni za setilaiti kupewa leseni za kujitegemea, miezi michache baadaye iliongeza kasi ya fiba yake ya majumbani bila kupandisha bei.

Bure hakuna. Kenya kifurushi cha nyumbani kisicho na kikomo kiliuzwa Sh 6,500 kwa mwezi mwaka 2024, na cha GB 50 Sh 1,300, mbali na dishi lenyewe ambalo lilikuwa makumi ya maelfu ya shilingi. Na kuna gharama ambayo matangazo hayaitaji: umeme. Dishi la kawaida hula kati ya wati 50 na 100. Liache limewaka mchana na usiku kwa wati 75, ni uniti 1.8 kwa siku. Sola ile ya taa tatu na chaji ya simu inayopatikana vijijini haiwezi hata kidogo. Dishi dogo, linalokula wati 25 hadi 40, linasaidia, lakini hata lenyewe linadai paneli ya maana na betri. Miradi ya vijijini isiyopanga umeme kwanza huishia na dishi la maonyesho kwenye paa la shule.

Hofu ya mionzi tuipitie haraka: mawimbi yanayofika ardhini kutoka setilaiti ni dhaifu mno, na dishi hurusha nguvu zake kuelekea juu. Usikae juu ya paa mbele yake, basi.

Vile vitaa vinavyoonekana vikienda kwa mstari mmoja baada ya jua kuzama ni setilaiti zilizorushwa karibuni, bado hazijatawanyika kwenda kwenye nafasi zake. Na lile pete la chuma la takriban kilo 500 lililoanguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, halikuwa setilaiti ya intaneti. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni sehemu ya chombo cha kurushia. Setilaiti za kilomita 550 huishi takriban miaka mitano, kisha hushushwa zikaungua kwenye hewa. Kimo cha chini kina rehema hiyo: hata iliyokufa ghafla hurudi yenyewe, kwa sababu hewa nyembamba iliyobaki huko juu huivuta. Kina pia adhabu yake. Februari 2022 dhoruba ya jua ilivimbisha hewa hiyo na hadi 40 kati ya setilaiti 49 zilizokuwa zimetoka kurushwa zikaanguka kabla ya kuanza kazi. Kundi la obiti ya chini, kwa hiyo, halijengwi likaisha. Linarushwa upya kila mwaka, na gharama hiyo hulipwa na mteja.

Nionavyo mimi, wengi wetu tutahudumiwa na setilaiti hizi bila kumiliki dishi. Mnara wa simu wa kijijini unahitaji njia ya kupeleka data zake mjini, na mara nyingi ni njia hiyo, si nguzo yenyewe, inayoshindikana. Vodacom na Amazon zilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuunganisha minara ya Afrika kwa setilaiti za obiti ya chini. Airtel Afrika nayo iliingia makubaliano na SpaceX Mei 2025. Mwanakijiji atatumia laini yake ileile na bando lake lilelile.

Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hutoa ruzuku ili minara ifike vijijini, na Kenya ina mfuko wa namna hiyo chini ya CA. Fedha hizo zinaweza kulipia njia ya setilaiti kwa minara na zahanati ambazo hakuna kampuni itakayozifuata kwa hiari, pamoja na sola yake na fundi wa kuitunza. Na kila leseni inayotolewa iwe na sharti la kuweka kituo cha kushushia data ndani ya nchi au kwa jirani, na la kutangaza kasi halisi ya saa mbili usiku kwa kila mkoa, ili mnunuzi wa Mpanda ajue anacholipia kabla hajatoa fedha.